"Sisi Tuko Juu": Kweli na Uongo Kuhusu Maafa Kuresoi

Masika yakianza, kuna maneno ambayo hayakosi kusikika kuanzia Keringet hadi Kiptororo, kibandani, stendi ya boda boda, hata nje ya kanisa watu wakisubiri mvua ipungue. Nimelelewa nayo, na mengine niliyaamini hadi utu uzimani. Mengi si kweli. Nayaandika hapa moja moja kwa sababu nimeona jinsi neno lisilo la kweli linavyomweka mtu kitandani usiku ambao alipaswa kuwa ameshaondoka.

"Sisi tuko juu. Mafuriko ni ya watu wa chini."

Uongo. Anayesema hivi anafikiria Budalang'i, ambako Mto Nzoia hutapakaa juu ya tambarare, maji yakapanda kidogo kidogo na watu wakapata muda wa kuhamisha mbuzi. Mafuriko ya milimani hayaji hivyo. Mvua ya saa moja juu ya Mau huingia katika vijito vyote kwa pamoja, vijito vikakutana katika korongo moja, na kinachoshuka hapo si maji matupu. Ni maji, matope, magogo na mawe.

Hatuhitaji kutafuta mfano mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, Mai Mahiu, ndani ya kaunti yetu hii ya Nakuru, maji yalifagia nyumba watu wakiwa usingizini na kuua zaidi ya watu 45. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli ilizibwa na takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma ya tuta kama ziwa, kisha tuta likabomoka. Kitu kilichojengwa na binadamu kilikuwa kimegeuka bwawa bila mtu kukusudia.

Sasa fikiria kalavati zetu za barabara za vijijini, zilizojaa matawi ya mikaratusi, magunia na udongo ulioteremka kutoka mashamba ya viazi. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, panda na majirani mkaangalie kalavati iliyo juu yenu, kwa sababu ile iliyo mbele ya geti lako si ya pekee ya kuogopa. Na kama mvua inanyesha huku mto unapungua ghafla, usifurahi. Huenda umezibwa huko juu. Toka ukingoni mara moja, upande kando, usikimbie kuufuata mto.

Mabwawa ya mashambani nayo yasisahaulike. Solai, ng'ambo ya pili ya Bonde la Ufa lakini Nakuru hii hii, ukuta wa bwawa la shamba ulipasuka tarehe 9 Mei 2018 na watu 48 wakafa. Kama kuna bwawa la udongo juu ya kijiji chenu, ni haki yenu kuuliza maji yakizidi yanatokea wapi.

"Mvua ikikatika, hatari ya maporomoko imepita."

Huu ndio uongo unaonitisha kuliko yote.

Udongo wa huku umetokana na majivu ya volkano za kale. Una kina kirefu, ni mwepesi kuchimbika, unazaa vizuri viazi na kabichi, na unakunywa maji bila kushiba. Mvua inapokatika juu, maji yaliyokwisha kuingia yanaendelea kuteremka ndani kwa ndani hadi yakutane na tabaka gumu lisilopitisha. Hapo yanajikusanya. Udongo ulio juu yake unakuwa mzito na wakati huohuo unapoteza kile kilichoushikilia. Kwa hiyo mlima unaweza kuvumilia siku nne za mvua, ukaporomoka siku ya tano jua likiwaka.

Maporomoko ya Pokot Magharibi ya Novemba 2019 yaliua zaidi ya watu 50, nayo yaliwakuta watu wamelala. Ya Marakwet Mashariki mwanzoni mwa Novemba 2025 vilevile yalikuja usiku. Giza halisababishi maporomoko, lakini linamnyima mtu nafasi ya kuona dalili, na dalili huwa zipo. Ufa mpya shambani, hasa wenye umbo la mwezi mchanga juu ya nyumba. Nguzo za ua zilizokuwa wima zimeanza kuinama. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Chemchemi imetokea mahali ambapo haikuwapo, au ile ya siku zote imekauka ghafla wakati wa mvua. Maji ya kisima yamegeuka tope.

Ukiona ufa, usiujaze udongo ukaendelea na kazi. Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, upime kwa kamba kila asubuhi. Kamba ikihitaji kuongezwa, hamisha watu kwanza, mpigie chifu ukiwa njiani. Na usichelewe kwa ajili ya ng'ombe. Najua ninachosema ni kigumu kwa mfugaji.

"Panda miti na mlima utashika."

Ni kweli nusu. Msitu wa Mau ulipoteza takriban hekta 107,000, karibu robo yake, katika miongo miwili kabla ya ripoti ya jopo kazi la serikali ya mwaka 2009, na kila anayelima pembeni mwa Tinet au Olenguruone ameona mito ilivyobadilika. Mizizi hushika udongo wa juu. Lakini maporomoko yanayoanzia chini kabisa ya mizizi huteremka na miti yake yote, imesimama.

Mara nyingi kosa liko karibu na nyumba kuliko msituni. Tunachimba mteremko kupata kiwanja, tunaacha ukuta wa udongo mtupu nyuma ya jikoni, halafu maji ya mabati yote yanamwagika hapo hapo. Weka gata, yaongoze maji hayo mbali hadi mahali penye mwamba au majani. Matuta ya viazi yakate mteremko, yasishuke nao. Naelewa kwamba kulima kushuka ni rahisi kwa mgongo, lakini msimu mmoja wa hivyo unapeleka mbolea yako yote Mto Amala, na kutoka hapo Mara, kuwalisha viboko.

"Ardhi ya Bonde la Ufa inapasuka, itatumeza."

Machi 2018 picha za ufa mkubwa karibu na Suswa, kwenye barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, zilizunguka dunia nzima na maneno kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua ilikuwa imechimba majivu laini ya volkano kwa chini hadi juu pakaporomoka. Bara kweli linatengana, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kinachostahili kukumbukwa ni Subukia, tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa karibu 6.9. Anayejenga nyumba ya mawe Nakuru leo bila mkanda wa zege na nondo amesahau kwamba kaunti hii imewahi kutikiswa hivyo.

"Aliyepigwa na radi asiguswe, na vioo vifunikwe."

Uongo, na sehemu ya kwanza inaua. Mwili wa mtu aliyepigwa na radi haubaki na umeme. Kama hapumui, kila dakika mnayosimama mkimwangalia ndiyo dakika ambayo kubonyeza kifua chake kungeweza kumrudisha. Kioo hakivuti radi. Mti mrefu uliosimama peke yake hupigwa kwa urahisi, na waya wa uzio huusafirisha umeme mbali. Ng'ombe hufa kwa wingi chini ya mti mmoja kwa sababu umeme hutapakaa ardhini, nao miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali, hivyo unaingia huku na kutokea kule ukipitia moyoni. Watu hudhani ni uchawi. Watoto wanaochunga wafundishwe kuacha mifugo na kukimbilia nyumba ya karibu ngurumo ya kwanza ikisikika.

"Jalidi huanguka kutoka angani."

Hapana. Usiku wa Januari usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka kama maji hadi mabondeni na kutuama huko. Ndiyo maana viazi vya bondeni huungua na vya mteremkoni vikasalimika. Panda juu kidogo msimu huo, na mwagilia jioni, maana udongo wenye maji hutunza joto.

"Utabiri wa redio ni uongo, wazee ndio wanajua."

Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Niño ya maangamizi iliyotangazwa haitakuja. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imeonya juu ya mvua nyingi, na kufikia Desemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Wanasayansi hawakuwa waongo hapo. Wala wazee si wa kupuuzwa: kule Vihiga, ukoo wa Nganyi umekaa meza moja na wataalamu wa idara hiyo kulinganisha dalili za ndege na miti na vipimo vya mitambo. Mzee anakumbuka mto ulifika wapi alipokuwa kijana. Muulize mkiwa pamoja, mkaweke alama pale.

"Maafa ni kazi ya Nairobi."

Uongo wa kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka udhibiti wa maafa pia mikononi mwa kaunti, na sheria ya fedha za umma inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Kwenye kikao cha bajeti cha wadi, uliza hazina hiyo ina nini. Nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, iandike mlangoni kwa makaa.

Jiko la mama yangu liko chini ya ukingo uliochimbwa na baba miaka mingi iliyopita. Siku hizi mvua ikipitisha siku tatu, mama anaweka kitambulisho, hati ya shamba na dawa za presha ndani ya mfuko wa plastiki, anafunga mlango, anapanda kulala kwa shemeji yake kule juu kwenye mgongo wa kilima. Mara ya mwisho nilimpigia simu jioni nikamwambia, mama, mvua si imeshakatika? Akanijibu kwamba anajua, na kwamba atalala huko usiku mwingine mmoja.