Uponyaji Ulioanzia Wodini

Haya wanangu, leo twende Ngara. Ukifika Rusumo utasikia maporomoko ya mto Kagera yakinguruma karibu na daraja: huku Tanzania, ng'ambo Rwanda. Kusini kidogo ni Burundi, na Mhangaza wa Ngara akikutana na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Nimeanza na mipaka makusudi. Hadithi ya vikundi vya Kikristo vya maombi na uponyaji huku Ngara na Biharamulo inaanzia ng'ambo ya mto, hospitalini, na mmoja wa watu wake wakuu ni mhudumu wa wagonjwa aliyekuwa na kinyongo.

Hospitali hiyo ni Gahini, mashariki ya Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi. Ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza katika miaka ya 1920. Daktari Joe Church alifika mwaka 1928, na muda si muda njaa kali ikaikumba nchi. Septemba 1929, akiwa hoi kwa uchovu, alikwenda Kampala, na pale Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba pamoja. Wasimulizi wengi wa Uamsho wa Afrika Mashariki, lile wimbi la toba lililozaa vikundi hivyo, huanzia hapo. Mimi napenda zaidi habari za Yosiya Kinuka.

Yosiya ndiye aliyewasimamia wahudumu wa hospitali ya Gahini. Kazi ilikuwa haiendi: watu wananung'unika, hawaaminiani, kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akafunga safari hadi Kampala kumweleza Nsibambi matatizo ya pale. Alitegemea kuhurumiwa. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba shida ya hospitali imo ndani ya moyo wake yeye mwenyewe, Yosiya. Jamani! Umesafiri mamia ya kilomita kushtaki wenzako, halafu unarudishiwa mashtaka yote mkononi. Lakini maneno yale hayakumtoka. Aliporudi Gahini alitubu na kuomba radhi.

Wapo waliomcheka, wapo waliomfuata. Vikaanza vikundi vya watu waliokutana mara kwa mara kuomba, kusoma, na kuungama dhambi zao mbele ya wenzao. Hawakuishia kwenye maneno. Aliyeiba alirudisha alichoiba, aliyegombana na jirani alimwendea nyumbani kupatana naye. Wakaitwa Walokole, yaani waliookoka, na Mzungu na Mwafrika wakaombana msamaha hadharani, jambo ambalo enzi za ukoloni lilikuwa kioja.

Timu zao zilitembea nchi kwa nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 zilifika Katoke, kwenye chuo cha walimu cha misheni, upande huu wetu wa Kagera. Mwalimu mmisionari Lionel Bakewell aliupokea uamsho huo, na walimu waliofundishwa pale wakaubeba kwenda kwenye shule za vijijini. Bugufi nako, ambako leo ni sehemu ya Ngara, moto ukashika. Kanisa la Anglikana lilikuwa pia na hospitali yake kilimani Murgwanza, ambayo hadi leo inahudumia wilaya. Wakatoliki nao wakawa na hospitali zao Rulenge na Biharamulo.

Sasa sikilizeni vizuri. Walokole wale wa kwanza hawakuzunguka wakitangaza kwamba viwete watatembea. Kwao ugonjwa mkubwa ulikuwa dhambi, na mwenye homa alipelekwa hospitali. Huduma za kuombea miili zilishika kasi baadaye. Aliyejulikana sana ni Edmund John, Mwanglikana asiye mchungaji, mdogo wake Askofu Mkuu John Sepeku. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maelfu walimfuata awaombee, na yeye alidai kwanza watubu na kuzitupa hirizi zao. Alifariki mwaka 1975. Tazameni alivyofanana na wazee wa Gahini: toba kwanza, uponyaji baadaye.

Msidhani kila kidonda kilipona. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile la Rusumo kuingia Ngara, wakitoka Rwanda iliyokuwa katika mauaji ya kimbari. Nchi ileile ya Gahini! Waliochinja na waliochinjwa, wengi wao walikuwa wamebatizwa. Walikuwapo Wakristo waliowaficha majirani zao na kufa nao, lakini makanisa mengi yaligeuka machinjio. Mtu mzima akiwasimulia habari za uamsho akaliruka hilo, mwambieni arudi nyuma.

Turudi kwenye maombi na hospitali. Tarehe 20 Januari 2025, serikali ya Tanzania ilitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Waliothibitishwa kwa vipimo walikuwa wawili, na wengine wanane wakahesabiwa kuwa huenda walikuwa nao. Wote kumi walifariki. Marburg huambukizwa kwa kugusa damu, jasho au matapishi ya mgonjwa, hata kwa kuosha maiti. Kwa hiyo mwombeaji anayemwekea mikono mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuubeba hadi kwa wanawe. Kuomba mtu anaomba hata akiwa amesimama nje ya uzio, na mgonjwa akaachiwa wauguzi wenye glavu na mavazi ya kujikinga. Virusi hivyo huweza kujificha mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili kuonekana, ndiyo maana wataalamu huzidisha mara mbili, wakahesabu siku 42 bila mgonjwa mpya. Biharamulo walizimaliza, na tarehe 13 Machi 2025 mlipuko ukatangazwa kwisha.