Betri Iliyokwama Umioni si Sarafu
Mtoto aliyemeza sarafu bila kupata shida ya kupumua, mara nyingi daktari huweza kumwangalia kwa saa kadhaa. Betri ya duara bapa, ile itumikayo katika rimoti, mizani na vichezeo, haitoi nafasi hiyo. Ikikwama umioni, inaweza kusababisha jeraha kubwa ndani ya saa 2.

Wengi hudhani kwamba madhara hutokana na kemikali zinazovuja. Sivyo hasa. Utando wenye unyevu unapogusa pande zote mbili za betri, umeme hupita katika tishu na kuzalisha haidroksidi kwenye upande hasi; alkali hiyo ndiyo inayoyeyusha nyama. Ndiyo maana hata betri iliyoshindwa kuendesha rimoti huweza kujeruhi. Za kuogopwa zaidi ni betri za lithiamu zenye kipenyo cha milimita 20 na volti 3.

Aghalabu hakuna aliyemwona mtoto akimeza. Huletwa kituoni akitokwa na udenda, akikataa chakula au akikohoa, akapewa dawa ya kifua na kurudishwa nyumbani. Mwenye shaka na aagize eksirei ya shingo, kifua na tumbo, kisha aisome papo hapo. Sarafu huonyesha duara moja. Betri huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine, na ikipigwa picha ya ubavuni huonekana kama ngazi ndogo.

Mtoto asitapishwe wala asilishwe chakula. Aliyetimiza mwaka 1, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12, apewe asali mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kila dakika 10, isizidi mara 6. Asali hupunguza makali ya alkali tu. Safari ya hospitali isicheleweshwe kwa ajili ya kuitafuta. Wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa.

Betri iliyo umioni hutolewa kwa endoskopia mara moja, bila kungoja tumbo liwe tupu. Hata ikishatolewa, jeraha huweza kuendelea kuchimba hadi kutoboa njia ya hewa au mshipa mkuu wa damu, pengine wiki kadhaa baadaye. Mzazi akiona mtoto anatapika damu, hata kidogo, au anapata choo cheusi, amrudishe hospitali saa hiyohiyo na kueleza kwamba aliwahi kumeza betri.