Imani ya Thomas Jefferson

Thomas Jefferson, aliyezaliwa Virginia mwaka 1743 na kuwa rais wa tatu wa Marekani kuanzia 1801 hadi 1809, aliacha maagizo kwamba jiwe la kaburi lake litaje mambo matatu tu: kuandika Azimio la Uhuru, kuandika Sheria ya Uhuru wa Dini ya Virginia, na kuasisi Chuo Kikuu cha Virginia. Urais hakuutaja. Anayetaka kumwelewa kiongozi huyu hana budi basi kulitazama kwa makini suala la dini, ambalo wengi hulipitia juu juu.

Katika Virginia ya ujana wake, Kanisa la Kianglikana, ambamo yeye mwenyewe alilelewa, lilikuwa kanisa rasmi, maana yake lilitunzwa kwa kodi iliyotozwa hata wasiokuwa waumini wake, na wahubiri wa Kibaptisti waliohubiri bila kibali walitiwa gerezani. Jefferson aliandika rasimu ya sheria yake mwaka 1777, lakini haikupita hadi 1786, pale mwanasiasa mwenzake James Madison alipoipigania katika bunge la Virginia wakati Jefferson akiwa balozi Ufaransa. Sheria hiyo ilikataza mtu kulazimishwa kuhudhuria au kugharimia ibada yoyote, na ikatamka kwamba haki za raia hazitegemei dini yake. Baadhi ya wabunge walitaka jina la Yesu Kristo litiwe katika utangulizi wake, wakashindwa kwa kura nyingi, na baadaye Jefferson alieleza kwamba kushindwa huko kulithibitisha kuwa ulinzi wa sheria ulimhusu Myahudi, Mkristo, Mwislamu, Mhindu na hata asiyeamini. Uislamu haukuwa jina tupu kwake, kwani mwaka 1765, akiwa bado anasomea sheria, alikuwa amenunua tafsiri ya Kurani iliyofanywa na George Sale.

Imani yake binafsi aliificha sana, na katika uchaguzi wa 1800 wapinzani walimwita mkana Mungu, tuhuma ambayo hakuijibu hadharani. Tuhuma hiyo haikuwa ya kweli. Jefferson aliamini Mungu mmoja, Muumba mwenye hekima, ila alikataa Utatu, yaani fundisho la Mungu mmoja katika nafsi tatu, pamoja na uungu wa Yesu na miujiza yote, kwa kuwa alishikilia kwamba akili ni kipawa cha Mungu na kwamba hakuna andiko lisilopaswa kupimwa kwayo. Maandishi ya Joseph Priestley, mwanasayansi na mchungaji wa Kiingereza, yalimsaidia kumwona Yesu kuwa mwalimu wa maadili asiye na mfano, ambaye mafundisho yake, kwa maoni ya Jefferson, yaliharibiwa na makasisi waliokuja baadaye.

Mnamo mwaka 1820, akiwa mzee nyumbani kwake Monticello, alikata kwa kisu aya alizozikubali kutoka nakala za Agano Jipya za Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akazibandika katika kitabu kimoja ambacho hakikutaja muujiza wala ufufuo, bali kiliishia pale Yesu alipozikwa. Hakukichapisha, ni Bunge la Marekani lililokitoa mwaka 1904.

Hata hivyo, mtu huyu aliyetetea dhamiri kwa ujasiri mkubwa kiasi hicho alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Haiwezekani kusema kwamba hakujua ubaya wa utumwa, kwa maana aliandika kwamba aliihofia nchi yake kila alipokumbuka kuwa Mungu ni mwenye haki, na mwandishi yeyote anayeisifu sheria ya 1786 anawiwa kulisema hili waziwazi. Wasia wake uliwapa uhuru watu watano tu. Alifariki tarehe 4 Julai 1826 akiwa na madeni makubwa, na Januari iliyofuata watumwa wa Monticello waliuzwa kwa mnada ili kuyalipa.