Mfuko mudogo, meza gani? Poka, kombine na mutu wa shimo

Wakaaji wa Kakontwe wanajua siku feza inaingia. Kwa mutu wa kampuni ni mwisho wa mwezi. Kwa creuseur ni siku négociant amepima mizigo na kulipa. Ile siku, mbele ya kufika nyumbani, kuna meza mbili zinamungojea: ile ya pari-foot na karatasi yake ya mechi, na ile ya karata, ikuwe chini ya muti ao, kwa wale wa telefone, poka.

Hatutauliza hapa kama kucheza ni kuzuri ao ni kubaya. Mapadri, wachungaji na bamama ya nyumba walishajibu zamani. Swali letu ni lingine, na watu hawaliulizake: ukiwa na mfuko mudogo uliotenga pembeni, tuseme 100.000 franka, ni aina gani ya mchezo inaumaliza mbio, na ni gani inakuachia nafasi ya kupumua?

Tuanze na tike ya mupira, kwa sababu njo inajulikana zaidi. Chukua mechi yenye nafasi ni nusu kwa nusu. Kama hakuna anayekata kitu, 1.000 ingelipwa 2.000. Lakini nyumba ya michezo inaandika 1,90. Maana yake, ukicheza mara mingi, kila 1.000 unayotoa inarudia 950. Hamsini franka, mutu hasikie uchungu. Sasa unganisha mechi kumi za namna ile mu tike moja, ile wanaita kombine. Kuzidisha 1,90 mara kumi kunatoa karibu 613: kwa 1.000 unaahidiwa 613.000. Macho inawaka! Lakini mechi kumi za nusu kwa nusu zinaingia zote pamoja mara moja tu mu mara 1.024. Kwa kupata moja, kwa wastani, utanunua tike za 1.024.000 franka, na utalipwa 613.000. Ile 50 imezaa mpaka ikawa karibu 400 mu kila 1.000. Nyumba haikukuibia. Ilikata kidogo mara kumi, na wewe mwenyewe njo uliipa kisu kila mara.

Mu poka haupigani na nyumba, unapigana na watu wenzako, na nyumba inakamata kamisheni yake. Kwa hiyo akili ya mutu inaweza kusaidia. Lakini poka haiko moja.

Kuna meza ya feza, mahali kila jeton ni feza ya kweli. Unaingia saa unataka, unatoka saa unataka. Nyumba inakata kidogo ku kila chungu, mara mingi karibu 5 kwa 100, na kuna kipimo haipite. Mutu mwenye uvumilivu anaona matunda pole pole, na siku mbaya inavumilika. Hatari yake ni kwamba meza hii haina mwisho. Jeton zikiisha, mukono unarudi mu mfuko, tena mara ya pili, na hakuna kengele inayolia kusema basi.

Kuna mashindano, yaani turnwa. Unalipa mara moja tu kwa kuingia, ukilipa 2.000, hautapoteza 2.001. Watu 100 wakikaa, karibu 10 ao 15 njo wanapata kitu, na sehemu kubwa inaenda kwa watatu wa mbele. Vijana wanapenda turnwa juu ya hadithi kama ile ya Chris Moneymaker, mufanyakazi wa hesabu kutoka Tennessee. Mu 2003 aliingia kupitia mashindano ya intaneti yenye bei chini ya dola 100, akafika Las Vegas ku meza yenye kiti kinalipwa dola 10.000, akashinda wenzake wote 838, akabeba dola milioni 2,5. Ni kweli ilitokea. Lakini ile hadithi inaficha kwamba hata mchezaji muzuri anaweza kulipa turnwa makumi na makumi bila kuona zawadi yenye maana. Mfuko mudogo unaisha mbele ya siku yake kufika.

Kuna pia meza ndogo ya watu tisa: kila mutu analipa sawa, wanacheza mpaka abaki mumoja, wa kwanza anakamata 50 kwa 100, wa pili 30, wa tatu 20. Mara mingi, kwa saa moja hivi mambo imeisha, ulale.

Na kuna ile ya gurudumu. Watu watatu wanatoa kila mumoja 1.000, kwa hiyo 3.000 iko ku meza. Kisha mashine inazungusha kuchagua zawadi, na mara mingi inasimama ku 2.000. Ile ingine 1.000 iko wapi? Kipande ni kamisheni, na kipande kinangojea siku adimu gurudumu litatoa zawadi kubwa kwa mutu wa mbali, pengine wa Brazil. Ile ni kombine yenye imevaa nguo ya poka.

Hapa kuna jambo lenye vitabu vya poka havikuwazia, kwa sababu havikuandikwa kwa mutu wa shimo. Shimo lenyewe ni turnwa. Unashuka wiki ngapi, mwenye kutoa feza analisha timu na anaandika kila kitu mu deni, na hakuna kitu kinatoka. Kisha siku moja munafika ku madini yenyewe, ao munafika ku maji. Yaya mwenye kuishi vile ameshacheza mchezo wa kuruka na kuanguka siku nzima. Akipanda tena turnwa kubwa ao kombine juu yake, ameweka bahati juu ya bahati: mwezi shimo limekauka njo mwezi tike nazo zimekauka, na nyumbani watoto wanafukuzwa masomo juu ya minerval. Mufanyakazi wa kampuni, yeye, mushahara wake unarudi kila mwezi kwa kipimo kile kile; anaweza kuvumilia mchezo wenye kuruka kidogo, mradi ile feza haitoke ku bukari.

Na kuna mfuko wa tatu, ule haurudi kabisa. Bazee wanakumbuka mwaka 2003, wakati Gécamines iliachisha watu zaidi ya 10.000 kwa «départ volontaire» na kuwapa feza ya mara moja. Feza ya namna ile, hata meza ya feza ndogo kuliko zote haifai. Mfuko wa kucheza ni ule ukiisha kesho hakuna mutu nyumbani atajua.

Kwa yule mwenye mfuko wa namna hiyo, mufano tunaoujua vizuri ni wa Mumarekani mwingine, Chris Ferguson. Kuanzia 2006 alijaribu kufika dola 10.000 ku intaneti akianza na sifuri. Aliingia kwanza turnwa za bure, na miezi mingi ilipita bila kushika kitu cha maana. Jumla, kazi ilimukamata zaidi ya mwaka, na huyu alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2000! Sheria zake zilikuwa ngumu: ku meza ya feza ao meza ndogo, usipeleke zaidi ya 5 kwa 100 ya mfuko, ku turnwa kubwa, 2 kwa 100, na ukiona jeton zako ku meza ya feza zimepita 10 kwa 100 ya mfuko wote, simama utoke.

Weka hiyo ku 100.000 yetu. Meza ndogo, 5.000 mwisho. Turnwa kubwa, 2.000 mwisho. Mfuko ukishuka ku 60.000, unashuka nawe: 3.000 na 1.200. Njo hapa watu wengi wanaanguka. Kupanda wanajua, kushuka wanaona haya, na mwenye kupoteza anataka kurudisha yote mu usiku moja. Kwa maoni yetu, creuseur akitaka kabisa kucheza, meza ya watu tisa njo inamufaa: bei inajulikana, mwisho unajulikana. Meza ya feza, ile ya chini kabisa, tungemuachia mutu wa mushahara mwenye roho ya pole. Gurudumu na kombine ya mechi kumi, mutu yeyote.

Sasa meza ya chini ya muti. Kwa hesabu tupu, njo nzuri kuliko zote: hakuna nyumba, hakuna kamisheni, kilichoingia kinatoka chote. Lakini kinatoka mu mfuko wa nani? Wa yule mwenye atashika kamba yako kesho asubuhi. Deni ya karata ikiingia mu timu, kugawana mizigo kunaharibika, na mutu anashuka mu shimo na hasira ya jana. Tukicheza kati yetu, tucheze turnwa ya bei ndogo, bila kukopeshana, feza ikishikwa na mutu mwenye hachezi.

Mambo ya telefone yanabakia. Nyumba ile ile Ferguson alijengea mfuko wake, Full Tilt, ilifungiwa milango na serikali ya Marekani tarehe 15 aprili 2011, na ikaonekana kwamba feza ya wachezaji haikuwa yote mu banki. Watu walingojea miaka. Kwa hiyo mbele ya kuingiza mfuko wote, ingiza 2.000 tu, cheza kidogo, kisha omba kutoa ile inabakia ku M-Pesa ao Airtel Money yako, na uhesabu siku ngapi inakamata kufika.