Kocha Aliyepiga Marufuku Filimbi

Mwaka 1943 kocha wa timu ya futiboli ya shule ya Kikatoliki mjini Trinidad, jimbo la Colorado, aliitwa vitani. Timu ilikuwa karibu kuvunjwa. Mwanafunzi wa miaka 16, John Gagliardi, mtoto wa mhamiaji kutoka Italia, akaomba aachiwe yeye kazi hiyo. Akaachiwa.

Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa kugongana. Wachezaji huvaa kofia ngumu na kinga za mabega, na anayekimbia na mpira huangushwa kwa nguvu zote. Makocha wengi wa enzi hizo waliamini kijana haivi mpaka ateswe: anyimwe maji juani, akimbizwe mpaka miguu igome. Gagliardi alikuwa ameyaonja hayo akiwa mchezaji, na aliyachukia. Alipopata madaraka aliyafuta, na wenzake wakaruhusiwa kunywa maji.

Mwaka 1949 alianza kufundisha Chuo cha Carroll, Montana. Mwaka 1953, akiwa na miaka 26, akahamia Saint John's, chuo cha wanaume cha watawa Wabenediktini huko Collegeville, Minnesota. Alikaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2012.

Saint John's inacheza daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako ni marufuku kumlipia mwanafunzi ada kwa sababu ya kipaji chake uwanjani. Kocha wa huko hawezi kununua nyota. Gagliardi alimpokea kila aliyetaka kucheza, bila mchujo, na kuna misimu kikosi chake kilipita vijana 150.

Mazoezi yake yaliwashangaza wageni. Filimbi hakuna. Kuangushana hakuna. Dakika 90 zikifika, watu wanakwenda kuoga, na mbu wakizidi au baridi ikiwa kali, mazoezi yanahamishiwa ndani au yanaahirishwa. Wakati timu nyingine zikipiga pushapu, vijana wake walilala chali kwenye nyasi, wakageukiana na kuambiana kwamba siku imependeza. Hata kuitwa kocha hakutaka. Kila mchezaji alimwita John. Kwetu sisi tuliolelewa kumwita mkubwa kwa cheo chake, hilo linakera masikio kidogo, lakini wale vijana walimheshimu mno.

Wapo waliouona huo kuwa ulegevu. Mimi naona walikosea, tena sana. Muda aliouokoa kwa kuacha mateso aliutumia kurudia mbinu, polepole, mpaka kila mchezaji aweze kusoma nia ya mpinzani kabla mpira haujarushwa. Na Jumamosi ya mechi ilipofika, vijana wake walikuwa wazima, hawajaumizana wenyewe kwa wenyewe katikati ya wiki.

Mafanikio yake hayana ubishi. Alitwaa ubingwa wa taifa mara nne: 1963, 1965, 1976 na 2003. Novemba 2003 alishinda mechi yake ya 409, akampita Eddie Robinson, gwiji wa Grambling State, chuo cha Wamarekani weusi cha Louisiana. Mwezi uliofuata, katika fainali, Saint John's iliifunga Mount Union 24–6, timu iliyokuwa imeshinda mechi 55 mfululizo. Alipostaafu, baada ya misimu 64 ya vyuo, alikuwa ameshinda mechi 489, amepoteza 138 na kutoka sare 11. Hakuna kocha wa futiboli ya vyuo aliyefikisha ushindi huo.

Alifariki Oktoba 2018 akiwa na miaka 91. Kufikia hapo, hofu ya majeraha ya ubongo ilikuwa imeutikisa mchezo wote. Mwaka 2010 kocha Buddy Teevens wa Chuo cha Dartmouth aliondoa kuangushana mazoezini, na mwaka 2016 makocha wa vyuo vinane vya Ivy League, vikiwemo Harvard na Yale, walikubaliana kuacha kuangushana kwa nguvu katika mazoezi ya msimu. Gagliardi, wakati huo mzee wa miaka 89, alikuwa amekwisha kuliacha jambo hilo miongo mingi kabla yao.