Kijana Anaporudi Nyumbani: Habari za Filamu ya Bongoland

Ni nani kwetu Bunju asiyekuwa na ndugu aliyekwenda mbali kutafuta, kisha akarudi mikono mitupu? Mwaka huu amerudi kaka yangu, kutoka Mwanza. Jirani hampiti bila kumwuliza, “Umekuja likizo?” Naye huitikia ndiyo. Kwa ajili hiyo nimeona niwaeleze habari za filamu moja yenye kuhusu jambo hili hili.

Filamu yenyewe ni Bongoland II, iliyotoka mwaka 2008. Aliyeitengeneza ni Josiah Kibira, Mtanzania aliyehamia Minnesota, Marekani. Filamu ya namna hii huitwa filamu huru, maana haikuagizwa na serikali wala na kampuni kubwa. Mwenye hadithi ndiye atafutaye fedha, wachezaji na mahali pa kupigia picha, na akipata hasara ni yake.

Bongo, kama mjuavyo, ni jina la utani la Dar es Salaam na hata la nchi nzima, kwani asiyetumia ubongo hapa hali. Katika Bongoland ya kwanza, ya mwaka 2003, kijana Juma Pondamali anahangaika huko Minnesota, na moyo wake uko nyumbani. Katika ya pili amekwisha kurudi. Lakini kumbe taabu haikubaki uwanja wa ndege! Nyumbani ni pale pale, ila yeye siye yule aliyeondoka, na hana budi kujifunza upya kuishi na watu wake.

Wazee huenda wakakumbuka filamu ya zamani zaidi, Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970. Hiyo ilitengenezwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma lililoundwa mwaka 1968. Humo Yombayomba anakwenda mjini kutafuta kazi, anaikosa, na mwisho anaona njia katika kijiji cha ujamaa. Filamu ile ilikusudiwa kufundisha, kwa hiyo kurudi shamba kulikuwa ndilo jibu. Kibira hakutumwa na mtu kutoa jibu, na kwake kurudi ni swali. Mimi naipenda zaidi ya Kibira, ingawa baba haafiki hata kidogo.

Kaka alipoondoka, chumba chake nilipewa mimi. Sasa analala sebuleni, na huamka kabla ya watu wote akakunja godoro kama mgeni. Naye ndiye aliyebeba zege la msingi wa nyumba hii pamoja na baba, wakati kiwanja chetu kilikuwa bado na mikorosho.

Tuliitazama filamu pamoja Jumamosi moja. Nikamwuliza kama Juma alikosea kurudi. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Juma angalau alipanda ndege. Mimi nimekuja na basi, na bado watu wanauliza zawadi.”

Tulicheka mpaka mama akaja kutazama kuna nini. Jioni ile nilisogeza vitabu vyangu, tukaliingiza godoro lake chumbani.