Ufa uko chini yetu, volkano iko Goma

Volkano ya Nyiragongo ikichafuka, Bujumbura nzima huuliza: na sisi je? Kwa upande wa lava, tulale usingizi. Goma iko kilomita kama 190 kaskazini mwetu. Kinachotuhusu ni ufa wenyewe, unaotoka Virunga, ukapita Ziwa Kivu na bonde la Rusizi hadi Ziwa Tanganyika. Kingo zake huachana kwa milimita chache tu kila mwaka, lakini mwamba hauachii kidogo kidogo; hujikaza miaka na miaka, kisha hukatika ghafla.

Tarehe 5 Desemba 2005 ulikatika chini ya Ziwa Tanganyika, tetemeko la kipimo cha 6.8, nyumba zikabomoka Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 jingine la 5.9 liliua watu Bukavu, na wengi zaidi ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Matetemeko hayo hayakuhitaji mlipuko wa volkano.

Ndani ya ardhi tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza hukimbia karibu kilomita 6 kwa sekunde. Ya pili, ambayo ndiyo hutikisa zaidi, kama 3.5. Mwamba ukikatika Goma, ya kwanza yatatufikia baada ya sekunde 32 hivi, ya pili baada ya 54. Pengo hilo la sekunde 22 humpa mtaalamu umbali, lakini halimwambii upande. Ndiyo maana kituo kimoja cha kupima hakitoshi. Vinatakiwa vitatu au zaidi, tena vilizunguke eneo lenyewe. Mtandao wa vipima mitetemo wa KivuSNet kitovu chake ni Virunga na Ziwa Kivu. Tetemeko la chini ya Tanganyika kaskazini hulitazama kutoka upande mmoja, na hapo hesabu ya kina huyumba. Kwa maoni yangu, vituo vya Bujumbura, Uvira na Rumonge vina thamani zaidi kuliko kuongeza kimoja zaidi Goma.

Hata vifaa vingi vina mipaka. Nyiragongo ilipopasuka 22 Mei 2021, dalili za wazi zilitangulia kwa dakika 40 tu. Baadaye ndipo mashine zilipofanya kazi kubwa: mitetemo, GPS na rada za setilaiti, zinazolinganisha picha za siku tofauti na kuona ardhi iliyojongea sentimita chache, zilionyesha magma ikipenya chini ya mji wa Goma kuelekea ziwani. Sehemu ya mji ikaamriwa kuhama tarehe 27.

Kwetu Bujumbura kuna kazi rahisi zaidi: kuijua ardhi ya kila mtaa. Mtaa wa Buyenzi umekaa juu ya mchanga na tope la ziwa na mito, ardhi laini inayokuza mtikisiko. Mtaa wa Kiriri uko mlimani, na hofu yake ni mteremko kuporomoka. Kuijua ardhi laini hakuhitaji kungoja tetemeko. Kipima mitetemo kidogo huwekwa uani kwa muda mfupi, kikasikiliza mtetemo wa kawaida, hata wa malori ya barabarani, kwa sababu tabaka laini huuitikia kwa namna yake. Kisha kinahamishiwa mtaa mwingine.